"Ndiyo madam": niliyoyaona darasani kabla sijawa mwalimu

#1 Binti Kaunta (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Shikamoo kwa wakubwa.

Huu uzi nimekaa nao muda mrefu kwenye kurasa za nyuma za kaunta buku, zile nilizozitenga kwa ajili ya hesabu za floti. Leo mvua imewafukuza wateja mapema, nikaona bora niumalize. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mwalimu mtarajiwa. Shahada ninayo, Baiolojia na Kemia. Kituo cha kazi sina. Kwa sasa nafanya uwakala wa miamala ya simu Morogoro mjini, kibanda cha mtu, nalipwa kwa kamisheni. Usaili nimefanya. Ule wa kuandika nilipita, wa mahojiano sikupita. Nikiingia kwenye akaunti yangu ya Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, nakuta jibu lilelile, nimeshalizoea kama sura ya mwenye nyumba.

Nisiwadanganye, ualimu sikuuota. Niliomba tiba ya mifugo, nikaomba maabara, na mwisho kabisa nikajaza ualimu wa sayansi kwa sababu kaka yangu aliniambia huko mkopo haunyimwi kirahisi. Nikapata cha mwisho. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa nikiulizwa nasoma nini, najibu "sayansi", halafu nabadilisha mada. Mnajua wenyewe jinsi watu wanavyomtazama anayesema anasomea ualimu, kana kwamba umewaambia una msiba.

Kilichonigeuza ni mazoezi ya kufundisha, field kama tunavyoita wenyewe. Na hata huko sikugeuzwa na jambo zuri.

Kwanza niseme chuoni tulivyofanya. Tulifundishana sisi kwa sisi: wewe unasimama mbele, wenzako 12 wanajifanya kidato cha pili. Unauliza swali kwa Kiingereza, mtu mzima mwenye ndevu ananyoosha kidole, anajibu sentensi imenyooka. Unapata alama zako, unakaa. Hakuna aliyetuambia kwamba hao ndio wanafunzi wa mwisho kuwaona wakijibu namna hiyo.

Nilipangiwa shule ya kata moja wilaya ya Kilosa, upande wa mashamba ya mkonge. Jina la shule naliacha. Kidato cha pili, mkondo mmoja wenye watoto 71, madawati hayatoshi, ila mkuu wa shule alikuwa mtu wa watu na walimu walinipokea vizuri, hadi makande ya mchana nilikuwa nawekewa. Mlangoni mwa kila darasa kuna kibao cha Kiingereza kinachokataza kuongea Kiswahili. Mwalimu wa somo akanikabidhi vipindi vyote, azimio la kazi na kitabu kimoja cha kiada, akashukuru Mungu, akaenda kushughulikia shamba lake. Simlaumu. Alikuwa peke yake kwa Baiolojia na Kemia, kidato cha kwanza hadi cha nne.

Mada ilikuwa lishe ya mimea, jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Watoto hawa shule ya msingi walisoma jambo hilihili kwa Kiswahili, likiitwa usanisinuru. Wamefika sekondari wanakutana nalo upya kwa jina la Kigiriki lililovaa koti la Kiingereza. Siku ya kwanza nimeliandika ubaoni, binti mmoja wa mbele akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Madam, hii na usanisinuru ni ndugu?" Nikacheka. Sasa hivi sicheki.

Nikaamua kufanya jaribio. Mnaojua mtanisahihisha: unaziba sehemu ya jani kwa karatasi nyeusi lisipate mwanga, baadaye unalichuma, unalichemsha kwenye maji, unalihamishia kwenye spiriti iliyo ndani ya maji ya moto (usiweke spiriti motoni moja kwa moja, utaunguza shule), ukijani unatoka, unalisuuza, unadondoshea iodini. Palipopata mwanga pana wanga, panageuka bluu iliyokolea karibu na nyeusi. Palipozibwa panabaki rangi ya iodini yenyewe, kahawia ya chai ya rangi.

Iodini nilinunua duka la dawa kwa hela yangu. Spiriti hivyohivyo. Jiko la mchina niliazima kwa mama wa uji. Jani nilichagua la mhogo, maana nyuma ya maabara kulikuwa na mashina manne. Nikaziba majani asubuhi baada ya mstarini, vipindi vyangu viwili vya mfululizo vilikuwa saa saba.

Jani likageuka bluu lote. Palipozibwa na pasipozibwa. Lote.

Watoto 71 wamezunguka meza, wengine wamepanda juu ya viti, wanaliangalia lile jani, wananiangalia mimi. Jasho likanitoka. Na hapa ndipo ninapoona aibu hadi leo. Sikusema kitu kuhusu jani. Niligeuka ubaoni, nikachora jani zuri lenye sehemu mbili, moja ya bluu na moja ya kahawia, nikaandika matokeo kama yalivyo kitabuni. Nikageuka: "Understand?"

"Yes madaaam!"

Wote kwa pamoja. Wameona kwa macho yao jani la bluu tupu, nimewaambia nusu yake ni kahawia, wakasema ndiyo. Hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Nilirudi ofisi ya walimu, nikakaa. Mwalimu wa zamu akaniuliza kama naumwa.

Jioni wakati wa usafi, kijana mmoja wa dawati la mwisho akanifuata kwenye mashina ya mhogo. Tangu nifike nilikuwa sijamsikia sauti. Kwenye mtihani wangu mdogo wa wiki iliyotangulia alipata 9 kati ya 100, na karatasi yake nusu ilikuwa wazi. Akatazama huku na huku kwanza kama kuna kiranja, maana kuongea Kiswahili ni kosa, ndipo akasema:

"Madam, lile jani lilikuwa na akiba."

Nikamwambia sijaelewa.

"Ni kama ghala. Leo umezuia mahindi mapya yasiingie. Lakini ya jana yamo. Ungeacha kwanza ya jana yaliwe yaishe."

Wakuu, huyo ndiye wa alama 9. Chuoni hilo tulilisoma: mmea unatakiwa ukae gizani siku moja au mbili kwanza ili utumie wanga uliohifadhiwa. Mimi nililisoma, nikalijibia mtihani, nikalisahau. Yeye hakuwahi kulisoma popote. Alilifikiria mwenyewe, akiangalia, wakati mimi nachora uongo ubaoni.

Nikarudia jaribio. Safari hii majani tuliyaziba Jumatatu, tukayachuma Jumatano. Likatoka kama kitabu. Nikawaambia: kila mmoja amweleze jirani yake kilichotokea, kwa lugha yoyote anayoiweza, hata Kikaguru. Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. Halafu ndipo tukatafuta pamoja maneno ya Kiingereza ya kuyabeba yale waliyokwisha kuyasema.

Siku hiyohiyo ndiyo msimamizi kutoka chuo alifika kunikagua. Alikaa nyuma, akaandika, akaondoka. Kwenye fomu yangu: matumizi ya zana, vizuri sana; usimamizi wa darasa, wastani; lugha ya kufundishia, dhaifu, mwalimu anaruhusu Kiswahili. Alama zikakatwa.

Sijaja kulalamikia alama. Nimekuja na swali ambalo linanikosesha usingizi: ile "ndiyo madam" ni ya nani? Nilitoka Kilosa nikiamini kosa ni lugha. Tunawapokea watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, tunawapa majuma machache ya kuwazoesha Kiingereza, halafu tunawadai wafikiri kwa lugha ambayo hata kuombea maji hawawezi. Mtoto anagundua mapema kwamba njia ya usalama ni kuitikia.

Naomba mawazo, hasa ya walimu mlio kazini.

---

#2 Dereva wa Kesho

Dada umeandika vizuri ila nikupe ukweli. Baki kwenye uwakala. Ongeza laini ya mtandao wa pili, weka na vocha, uza na soda. Mimi nina shahada ya ualimu wa Historia na Jiografia, nilijitolea shule moja miaka miwili, posho ilikuwa michango ya wazazi, ikipatikana. Sasa hivi naendesha bodaboda na sijutii. Watoto wa mwenzio wataelewa tu.

---

#3 Binti Kaunta

Mkuu #2, soda nauza tayari.

---

#4 Mama Wawili

Mimi si mwalimu, ni mzazi, na naomba niseme bila kupakwa mafuta. Kila siku wasomi mnatuandikia habari za Kiswahili mashuleni. Sawa. Mwanangu akimaliza, usaili wa kazi anaulizwa kwa lugha gani? Chuo kikuu anafundishwa kwa lugha gani? Nyie mliokwishavuka mto ndio mnatuambia daraja si la lazima. Wenye hela wote wanapeleka watoto shule za mchepuo wa Kiingereza, hata walimu wa shule za kata wenyewe. Ukinipa Kiswahili mtoto wangu tu, huo utakuwa ubaguzi wenye jina zuri.

Na huyo msimamizi wako alikuwa sahihi. Kanuni ni kanuni.

---

#5 Binti Kaunta

Mama Wawili, nimekusoma mara mbili. Sina jibu la kukushinda na sitajifanya ninalo. Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, na watoto wake wako mchepuo wa Kiingereza, ada anaikopea. Nikimuuliza ananiambia, "Wewe zaa kwanza."

Ila niseme kimoja. Sikuwanyima Kiingereza. Siku ile baada ya kueleza kwa Kiswahili, waliandika sentensi za Kiingereza nyingi kuliko siku zote nilizokaa pale. Zilikuwa na makosa. Lakini zilikuwa zao, hazikunakiliwa ubaoni. Mtoto akishajua anachotaka kusema, Kiingereza anakitafuta mwenyewe. Asipojua, unampa maneno ya kubeba mzigo ambao haupo.

---

#6 Mzee wa Chaki

Marahaba mwanangu. Nimestaafu, nina muda, vumilieni.

Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wale mliokuwa mkitucheka. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Walimu walikuwa hawapo. Wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba, nami nikiwamo, umri miaka 17. Sehemu ya siku unafundisha, sehemu ya siku unafundishwa, vijitabu vinakuja kwa posta, masomo mengine kwenye redio. Ukimaliza wewe ni mwalimu wa daraja la III C. Mtoto wa darasa la kwanza nilikuwa nimemzidi miaka kumi tu. Baadaye walikuja wa miaka ya 2000 waliopita mafunzo ya muda mfupi, wakaitwa Voda fasta, nikafurahi kwamba na wenzetu wamepatiwa jina.

Suala la lugha lina mvi kuliko mimi. Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Mheshimiwa Makweta, mwaka 1982 ilipendekeza sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikasema Kiingereza kibaki. Sera ya 2014 ikaandika Kiswahili kitumike ngazi zote. Watoto wa sekondari wakaendelea na Kiingereza. Nimestaafu 2020, waliokuwa wanasubiri nimewaacha wanasubiri.

Lakini mwanangu, hapo ndipo tunapoachana njia. Wewe unasema ile "ndiyo madam" imeletwa na Kiingereza. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka 43, kwa Kiswahili asubuhi mpaka jioni, na "ndiyo mwalimuuu" nimeisikia kwa Kiswahili fasaha chenye irabu zote. Nimewahi kukosea kujumlisha ubaoni, nikauliza "Tumeelewana?", wakaitikia. Kwa hiyo lugha ni chanzo kimoja tu.

Soma tena ulivyoandika. Jani lilipokataa, ulifanya nini? Uligeuka ubaoni. Wale watoto walikuona umeogopa. Walichoitikia si Kiingereza chako. Walikufichia aibu. Mtoto wa Kitanzania amelelewa asimuumbue mkubwa mbele za watu. Nyumbani tunamsifu kwa hilo, halafu tukifika darasani tunashangaa haulizi maswali. Ukiongeza na fimbo juu yake, basi umemaliza. Mimi fimbo niliishika, sikatai, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyewahi kuniambia "mwalimu umekosea" nikiwa nimeishika.

Yule kijana wako alikufuata jioni, mashinani, peke yenu. Jiulize kwa nini hakusema pale mezani. Ungemruhusu Kiswahili pale mezani, angesema?

---

#7 Mwanakwale

Hamjambo ndugu zetu. Niko Kwale, Kenya. Mzee #6 amenitoa neno mdomoni.

Huku kwetu watoto huanzia lugha ya nyumbani au Kiswahili, kisha kuanzia darasa la nne ni Kiingereza. Wakifika kwangu wana miaka kadhaa ya Kiingereza, na bado ni "Yes teacher" vivyo hivyo. Mimi ni mwalimu mwanagenzi wa sekondari ya chini, hawa wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, shilingi 20,000 za Kenya kabla ya makato. Nilisomea Baiolojia na Kemia kama dada hapo juu, lakini nimepewa na Kilimo, na Ijumaa mimi ndiye wa michezo. Mpira wenyewe siujui.

Dawa yangu ndogo ni hii: dakika tano za mwisho kila mmoja anachana kikaratasi, anaandika jambo moja ambalo hakulielewa, hakuna jina, lugha yoyote. Mara ya kwanza nilipata vikaratasi 54, na 40 hivi vilikuwa vimeandikwa "nimeelewa yote". Wiki ya tatu kimoja kiliandikwa "Mwalimu unaongea mbio kama makanga." Hapo nikajua sasa tumeanza.

---

#8 Dereva wa Kesho

Mwanakwale, makanga ndiye konda au?

---

#9 Mwanakwale

Ndiye huyo. Wa matatu.

---

#10 Binti Kaunta

Mzee wa Chaki, shikamoo tena. Nilisoma mchango wako mchana, mteja akanipa elfu 50, nikaihesabu mara nne.

Swali lako la mwisho nimelijibu kichwani mwangu na jibu silipendi. Hapana, asingesema. Hata kwa Kiswahili. Kuna jambo sikuliandika kule juu, labda nililiruka makusudi. Siku ya jaribio la pili, kabla hatujaanza, niliwaambia darasa zima kwamba Jumatano iliyopita nilikosea, kwamba jani lilikuwa sahihi na ubao ndio ulikuwa na uongo. Nilisema kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu cha kuomba radhi si kizuri. Pakawa kimya. Halafu yule binti wa "ni ndugu?" akacheka, wengine wakafuata, na tangu hapo vidole vilianza kunyooka. Mimi nikaandika kwenye kaunta buku kwamba ni Kiswahili kilichofungua darasa. Sasa sijui. Vyote viwili vilitokea dakika hiyohiyo.

Ila mzee, na wewe nikurudishie kidogo. Kukiri kosa mbele ya watoto kunahitaji uwe na maneno. Walimu wengi niliowakuta pale ni wazuri sana wakiongea ofisini, wachekeshaji, wana mifano ya kila kitu. Wakiingia darasani wanakuwa watu wengine, wanasoma kitabu, wanaandika nukuu za somo, wanatoka. Kiingereza kinamfunga na mwalimu pia. Hawezi kutania, hawezi kusema "ngoja kwanza, hapa nimechanganya". Anabaki na alichokariri.

Kwenye usaili wa mahojiano niliulizwa nitamsaidiaje mwanafunzi mwenye uelewa wa taratibu. Nikaanza kueleza habari ya jani na ghala. Mjumbe mmoja akaangalia saa. Nilipaswa kutaja mbinu nne kwa majina yake, nimezijua nilipofika stendi.

---

#11 Mama Wawili

Msimamo wangu ni uleule. Lakini nimemuuliza mwanangu wa kidato cha kwanza leo, nikamwambia nieleze ulichosoma, kwa Kiswahili. Akaniambia, "Mama, hiyo tumesoma kwa Kiingereza." Nikamwambia ndiyo, nieleze. Kimya.

Yule kijana wa Kilosa aliishia wapi?

---

#12 Binti Kaunta

Mama, nilikuwa naogopa mtu asije akauliza.

Field ilikuwa wiki 8, niliondoka Septemba. Novemba walikuwa na Upimaji wa kidato cha pili, na asiyefaulu anarudia mwaka. Januari matokeo yalipotoka nikafungua tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, hapa hapa kibandani, mtandao unasuasua, nikaitafuta shule, nikashuka na ile orodha.

Amevuka. Hisabati F, Kiingereza F, Fizikia F. Kiswahili B. Baiolojia D.

D ni kuanzia alama 30. Kutoka 9. Nilimpigia mwalimu wa somo, akaniambia kijana yupo, kidato cha tatu, ila masomo ya sayansi hakupangiwa, amewekwa mkondo wa sanaa kwa sababu ya Fizikia na Hisabati. Akaniambia pia ile mihogo waliing'oa, pamejengwa choo.

Hilo la vikaratasi la Mwanakwale nimelinakili. Nafasi zikitangazwa tena naomba, mbinu nne nimezikariri.

Ngoja nimhudumie huyu anatoa elfu 20, foleni imeanza.